Ofseti ya maumbo bapa: umbali unaouandika ni umbali wa nini?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Uzi huu nimeuanzisha kwa ajili ya wenzetu wanaochora ramani za nyumba, michoro ya viwanja na michoro ya kukatia vyuma hapa Dodoma, mji ambao kazi za ujenzi zimeongezeka sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016. Ipo amri moja ya programu za kuchorea kwa kompyuta ambayo karibu kila mchoraji huitumia kila siku, nayo ni ofseti: unachagua umbo, unaandika umbali, unaonyesha ndani au nje, na umbo la pili linatokea sambamba na la kwanza. AutoCAD inayo, SketchUp inayo, FreeCAD na OpenSCAD zinayo, na QGIS, programu ya ramani, inayo kwa jina la bafa. Kwa kuwa amri hii hutoa jibu papo hapo, wengi hulipokea jibu hilo bila kulikagua. Hoja yangu ni kwamba mchoraji anapaswa kujua, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, umbali ule ni wa kitu gani katika kazi halisi, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kona zichorwe vipi, na kona ndizo zinazotenganisha mchoro sahihi na mchoro wenye madhara.

Tuanze na dhana potofu iliyoenea, ya kwamba ofseti ni kukuza au kupunguza umbo. Chukua kiwanja cha mstatili chenye mita 20 kwa 30, ambacho mwenyewe anatakiwa kuacha mita 3 kila upande kabla ya kujenga. Ofseti ya ndani ya mita 3 inatoa mstatili wa mita 14 kwa 24, yaani mita za mraba 336 za kujengea. Anayepunguza umbo kwa uwiano hadi upana ufike mita 14 atapata urefu wa mita 21, na mbele na nyuma patabaki mita 4.5 badala ya 3. Hapo mwenye kiwanja amepokonywa mita za mraba 42 na mtu wa kompyuta, bila sheria yoyote kuzidai.

Ndani ya programu kazi inakwenda hivi. Kila ukingo unasogezwa kwa umbali uleule, kwa mwelekeo unaofanya pembe mraba na ukingo wenyewe. Baada ya hapo kingo mbili jirani huwa katika hali moja kati ya mbili: ama zimepishana, na programu inazikata pale zinapopishana, ama zimeachana, na kati yake pamebaki pengo linalotakiwa kuzibwa. Hali ya kwanza haina mjadala, jibu lake ni moja tu. Hali ya pili ndiyo inayodai uamuzi, nayo hutokea kwenye kona zinazotokeza nje unaposogeza kwenda nje, na kwenye kona zinazoingia ndani, kama ile moja ya kiwanja chenye umbo la L, unaposogeza kwenda ndani. Ndiyo maana kwenye mstatili uliosogezwa kwenda ndani utabadilisha mipangilio ya kona upendavyo na hutaona tofauti yoyote.

Pengo huzibwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kurefusha kingo zote mbili hadi zikutane, ukapata kona iliyochongoka. Ya pili ni kuchora tao ambalo kitovu chake ni kona ya zamani na nusukipenyo chake ni umbali wa ofseti. Ya tatu ni kuunganisha ncha mbili kwa mstari mnyoofu, ukapata kona iliyokatwa. Turudi kwenye kiwanja chetu cha mita 20 kwa 30, safari hii tukisogeza mita 3 kwenda nje: kona zilizochongoka zinatoa eneo la mita za mraba 936, kona za tao zinatoa 928.27, na kona zilizokatwa zinatoa 918. Umbali ni uleule, umbo ni lilelile, na majibu ni matatu.

Jibu sahihi ni lipi kati ya hayo? Inategemea ule umbali ni wa nini. Kama ni unene wa ukuta, unataka nyuso mbili bapa zikutane kwenye kona, kwa hiyo kona iwe iliyochongoka. Kama ni eneo la hifadhi, ambalo maana yake ni kwamba hakuna sehemu ya kitu fulani inayoruhusiwa kuwa karibu zaidi ya kiasi fulani, basi mpaka wake kwenye kona ni tao, kwa sababu sehemu zote zilizo umbali sawa na nukta moja hufanya duara. Kama ni nusukipenyo cha kifaa kinachokata, tao linajichora lenyewe kwa mwendo wa kifaa. Programu haiwezi kujua ni lipi kati ya hayo unalokusudia, nayo itatumia chaguo lililowekwa na walioiunda.

Karibuni tujadili. Mwenye swali la kazi halisi alilete na vipimo vyake.

Mchoraji wa Nzuguni

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Nina nyumba ambayo moja ya kona zake ina pembe ya nyuzi 35, kwa sababu kiwanja kiko kwenye njia panda na mteja anataka ukuta ufuate barabara. Nikisogeza kuta kwa sentimita 60 kwenda nje ili nipate ukingo wa paa, ncha inachomoza mbali sana pale kwenye kona. Je, programu imekosea?

Mwanzisha uzi

Haijakosea, ndugu yangu. Kwenye kona iliyochongoka, umbali kutoka kona ya zamani hadi kona mpya ni umbali wa ofseti ukigawanywa kwa sini ya nusu ya pembe ya kona. Kwa pembe ya nyuzi 90 hiyo ni mara 1.414, kwa nyuzi 60 ni mara 2, kwa nyuzi 30 ni mara 3.86, na kwa nyuzi 10 inazidi mara 11. Kona yako ya nyuzi 35 inakupa mara 3.33, kwa hiyo sentimita 60 zinageuka kuwa karibu mita 2 kutoka kona ya ukuta hadi ncha ya paa. Kenchi ya kushikilia ncha hiyo ni kazi ngumu, na upepo wa Dodoma wa miezi ya kiangazi hautaiacha salama.

Kwa sababu hiyo programu nyingi zina kikomo cha kona, yaani namba inayosema kona ikichomoza zaidi ya mara kadhaa za umbali, ikatwe. Katika michoro ya SVG, inayotumika kwenye tovuti, kikomo cha kawaida ni 4, kinachokata kona zenye pembe chini ya nyuzi 29 hivi. Katika PostScript, lugha ya kompyuta ya kuchapia kurasa, ni 10, sawa na nyuzi 11 na nusu. Katika QGIS na katika Clipper, maktaba ya kompyuta ambayo programu nyingine huitumia kukokotoa ofseti, ni 2, kinachokata kona zote zilizo chini ya nyuzi 60. Umbo moja likipita katika programu mbili zenye vikomo tofauti litatoka na kona tofauti, na kona yako ya nyuzi 35 ni mfano kamili: kikomo cha 4 kinaiacha ilivyo, kikomo cha 2 kinaikata.

Ushauri wangu kwa kazi yako ni kuacha kingo ndefu zilivyo, kwa sababu ubao wa mwisho wa paa na mfereji wa maji vinahitaji mistari iliyo sambamba na ukuta, halafu kuikata ncha kwa mkono katika umbali utakaokubaliana na fundi wa paa. Usiache kikomo cha programu kikuamulie mahali pa kukata.

Mjenzi wa Iyumbu

Naomba kuongezea kwenye suala la paa, kwa sababu lina uhusiano wa karibu na mada. Paa lenye miteremko pande zote, ambalo miteremko yake yote ina mwinuko sawa, ni mfululizo wa ofseti za ndani zenye kona zilizochongoka. Mistari yote iliyo kwenye kimo kimoja juu ya paa hilo ni ofseti ya ukingo wa chini. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 8, ofseti inaendelea kusinyaa hadi mita 4 kutoka kila upande, na hapo mstatili unageuka kuwa mstari wa mita 2, ambao ndio mgongo wa paa. Kama mwinuko ni nyuzi 25, kimo cha mgongo huo ni mita 4 mara 0.466, sawa na mita 1.87 hivi juu ya ukingo.

Njia ambazo kona zinapita wakati umbo linasinyaa zinaunda mifupa ya umbo hilo. Oswin Aichholzer, Franz Aurenhammer na wenzao waliieleza mifupa hiyo ya mistari minyoofu mwaka 1995, na maktaba ya CGAL inaikokotoa. Kwa nyumba yenye umbo la L, mfupa unaoanzia kwenye kona inayoingia ndani ndio bonde la paa, mahali ambapo maji ya pande mbili yanakutana, na ndipo paa nyingi zinapovuja.

Mwanzisha uzi

Mjenzi, nashukuru sana. Umegusa jambo ambalo wanaojifunza wanapaswa kulitazama kwa makini: umbo linaposinyaa, mambo mawili hutokea njiani. La kwanza ni ukingo mmoja kufupika hadi ukaisha, na majirani zake wawili wakakutana. La pili ni kona inayoingia ndani kuufikia ukingo wa upande wa pili na kuligawa umbo vipande viwili. Mtu mwenye kiwanja kilichobanwa katikati, tuseme shingo yake ina upana wa mita 5, akisogeza mita 3 kwenda ndani kutoka kila upande, ile shingo haina pa kukaa, kwa kuwa 3 na 3 ni 6. Jibu sahihi ni maumbo mawili yaliyotengana. Programu dhaifu itachora umbo moja lenye kitanzi kilichojipindua katikati, na ukiiuliza eneo itakutolea hesabu isiyo na maana, kwa sababu eneo la kitanzi hicho linahesabiwa kinyume. Mara zote angalia kama mistari ya jibu inajikata yenyewe.

Fundi wa Kizota

Wakuu, mimi ni mtu wa vyuma. Tunakata mapambo ya geti na bamba za kufungia nguzo kwa mashine ya plazima inayoongozwa na kompyuta. Mashimo ya bolti yanatoka makubwa na bamba zenyewe zinatoka ndogo kidogo. Mchoraji anasema mchoro wake ni sahihi kwa milimita. Tatizo liko wapi?

Mwanzisha uzi

Fundi, mchoro unaweza kuwa sahihi na bamba likatoka na makosa. Mwali wa plazima una upana. Tuseme mkato unaoachwa na mwali una upana wa milimita 1.6. Kitovu cha mwali kikipita juu ya mstari wa mchoro, milimita 0.8 zinaliwa kila upande. Shimo lililochorwa kwa kipenyo cha milimita 12 linatoka na 13.6, na bamba la milimita 100 linatoka na 98.4. Njia ya kitovu cha mwali inatakiwa iwe ofseti ya mchoro kwa nusu ya upana wa mkato: kwenda nje kwa ukingo wa nje wa bamba, na kwenda ndani kwa kila shimo.

Hapo kwenye mashimo pana jambo la kuelewa vizuri. Umbo lenye shimo ni umbo moja, na ofseti ya kuongeza inaongeza mwili wa umbo, kwa hiyo ukingo wa nje unapanuka na shimo linabanwa kwa wakati mmoja. Tembe kamili ya Kigogo, ambayo vyumba vyake vimeuzunguka ua pande zote nne, ni mfano mzuri: ukinenepesha tembe, nje inaongezeka na ua unapungua. Programu nzuri hufanya yote mawili yenyewe, mradi itambue kwamba kile cha ndani ni shimo. Nyingi hutambua kwa mwelekeo wa kuandikwa kwa kona, ukingo wa nje ukizunguka kinyume cha saa na shimo likizunguka kwa mwendo wa saa. Ukiona shimo limepanuka wakati umbo nalo limepanuka, mwelekeo huo umevurugika.

Jambo jingine ni kwamba mashine nyingi za aina hiyo zina uwezo wa kufidia zenyewe kwa amri za G41 na G42, moja ikisogeza kushoto kwa njia na nyingine kulia. Kama mchoraji amekwisha kufidia katika mchoro na mashine nayo ikafidia, makosa yanarudi kwa upande wa pili: mashimo yatakuwa madogo na bamba litakuwa kubwa. Kubalianeni kwa maandishi ni nani anayefidia.

Kwa wanaochonga mbao kwa kisu kinachozunguka, kuna kipimo kizuri cha kujua kama umbo linachongeka. Kisu cha kipenyo cha milimita 6 hakiwezi kuingia kwenye kona kali ya ndani. Kitaacha tao la nusukipenyo cha milimita 3. Lisinyaze umbo la shimo kwa milimita 3, kisha lipanue tena kwa milimita 3 kwa kona za tao. Umbo linalorudi ndilo ambalo kisu kitalichonga kweli, na tofauti yake na umbo la mwanzo ni mbao itakayobaki kwenye kona. Sehemu nyembamba kuliko milimita 6 hazitarudi kabisa. Katika OpenSCAD kigezo cha r ndicho kinachotoa kona za tao, na kigezo cha delta kinaziacha zikiwa kali.

Mwanafunzi wa Upimaji

Mwalimu, shikamoo. Nimepewa zoezi la kuchora eneo la mita 60 kuzunguka bwawa la Hombolo kwa kutumia QGIS. Nimeweka 60, na bafa iliyotokea imefunika karibu Afrika yote. Nimejaribu 0.0005 na inaonekana inakaribia, lakini sina uhakika. Naomba mwongozo.

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukabidhi.

Tabaka lako limehifadhiwa kwa longitudo na latitudo, kwa hiyo programu imeielewa 60 kama nyuzi 60, na uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111. Usitafute desimali ya kubahatisha. Libadilishe tabaka zima kwenda kwenye mfumo wa koodineti unaopimwa kwa mita, kisha ndipo ufanye bafa. Kwa jiji la Dodoma na Hombolo mfumo unaofaa ni UTM kanda ya 36 Kusini, ambayo kwa datumu (msingi wa vipimo vya dunia) ya WGS 84 ina namba ya utambulisho EPSG:32736. Kuwa mwangalifu na mpaka wa kanda, kwa sababu mstari wa longitudo ya nyuzi 36 Mashariki unapita ndani ya mkoa wetu: Dodoma mjini, Bahi na Kondoa ziko kanda ya 36, ilhali miji ya Kongwa na Mpwapwa iko kanda ya 37. Kama data zako zimetoka kwenye ramani za zamani, uliza kama ziko katika datumu ya zamani ya Arc 1960, kwa kuwa ukizisoma kama WGS 84 bwawa lote litahama kwa mamia ya mita na bafa yako italinda mahali pasipo na maji.

Sasa turudi kwenye kona. Hizo mita 60 zinatoka kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa. Huo ni umbali wa ulinzi, kwa hiyo kona ni za tao. Ukichagua kona iliyokatwa, kwenye kona ya nyuzi 90 mpaka wako utakaribia maji hadi mita 42.4, na mwenye shamba la zabibu atapanda pale kwa nia njema, akiamini ramani yako, ilhali yuko ndani ya eneo lililokatazwa. Ukichagua kona iliyochongoka utamnyima mkulima ardhi yake halali. Yote mawili ni dhuluma.

Lipo jambo la mwisho ambalo wengi hawaliangalii. Tao la QGIS si tao halisi, ni mistari mifupi iliyounganishwa, na idadi ya kawaida ni mistari 5 kwa kila robo duara. Kila mstari unakata ndani kidogo ya duara, na kwa mita 60 upungufu katikati ya mstari unafika sentimita 74. Kwa mistari 8 unashuka hadi sentimita 29, na kwa mistari 30 unabaki sentimita 2. Weka 30 katika kazi ya mpaka wa kisheria.

Mchangiaji wa Manyoni

Kwa maelezo haya naona jibu ni rahisi: tutumie kona za tao kila mara, maana ndizo zenye umbali wa kweli. Kwa nini tujichoshe na mengine?

Mwanzisha uzi

Ndugu, naelewa mvuto wa kanuni moja, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwenye kuchora ukuta wa tofali za inchi 6 kwa kuanzia uso wa ndani wa chumba akitumia tao, atapata nyumba ambayo kona zake za nje zina mviringo wa milimita 150. Hakuna fundi atakayeijenga hivyo, kwa hiyo ramani na jengo havitalingana, na anayehesabu tofali atakutana na mistari midogo isiyo na maana kila kona. Hapo umbali ni unene wa ukuta unaopimwa katikati ya nyuso mbili, na haudai chochote kuhusu kona.

Barabara nayo ina hali yake. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka mstari wa katikati, na ukisogeza mstari huo katika QGIS ukiwa umeacha mipangilio ya mwanzo, utapata nusu duara kila mwisho wa kipande, kama kwamba hifadhi inaendelea mita 30 mbele ya mahali ulipokatia data. Ncha za mstari zichaguliwe kuwa bapa, na kona za njiani zifuate kusudi la kazi.

Halafu tofautisheni njia ya kukata kona kati ya programu na programu. AutoCAD ina kigezo kiitwacho OFFSETGAPTYPE: 0 hurefusha kingo, 1 huweka tao, 2 huikata kona. Lakini mkato wake wa 2 unapita kwenye umbali uleule wa ofseti kutoka kona ya zamani, ilhali mkato wa QGIS unaunganisha ncha mbili moja kwa moja na hivyo unakaribia zaidi. Jina linafanana, kona hazifanani.

Mbunifu wa Singida

Habari za jioni. Mimi nachora bustani yenye umbo la duaradufu, nusu urefu mita 5 na nusu upana mita 3, na ninataka njia ya miguu ndani yake. Nikisogeza mita 2 kwenda ndani, AutoCAD inanipa umbo ambalo si duaradufu, tena miisho yake ina ncha. Je, nichore duaradufu nyingine ya mita 3 kwa 1?

Mwanzisha uzi

Dada au kaka, swali lako ni zuri kwa sababu linaonyesha mahali ambapo hisia zetu zinadanganya. Ofseti ya duara ni duara, lakini ofseti ya duaradufu si duaradufu. Ni mkunjo wa aina nyingine kabisa, na AutoCAD huuandika kama splaini, yaani mkunjo huru unaoongozwa na nukta. Ukichora duaradufu ndogo ya mita 3 kwa 1, njia yako itakuwa na mita 2 kwenye miisho minne tu na mahali pengine upana utabadilika. Kuhusu zile ncha, duaradufu inapinda zaidi kwenye miisho yake mirefu, na nusukipenyo cha mpindo pale ni mraba wa 3 ukigawanywa kwa 5, yaani mita 1.8. Ofseti ya ndani inayozidi kiasi hicho lazima itoe ncha. Njia ya upana wa mita 1.5 itatoka laini. Wabunifu wengi huikwepa shida yote hii kwa kujenga umbo kwa matao ya duara yaliyounganishwa, kwa kuwa kila tao likisogezwa linabaki kuwa tao.

Uwanja wa riadha wa mita 400 umejengwa kwa wazo hilohilo. Ni mistari miwili minyoofu ya mita 84.39 na nusu duara mbili za nusukipenyo cha mita 36.50, na njia za wakimbiaji ni ofseti za mita 1.22. Mzunguko wa kila njia kuanzia ya tatu unazidi wa njia iliyotangulia kwa mita 7.67, kwa sababu kila umbo lisilo na kona ya kuingia ndani, likisogezwa nje kwa tao, mzingo wake huongezeka kwa mara 6.283 ya umbali, liwe na ukubwa wowote.

Hapo hapo pana njia ya kukagua jibu la programu, ambayo msingi wake uliwekwa na Mswisi Jakob Steiner. Kwa umbo la aina hiyo, eneo jipya ni eneo la zamani, ukiongeza mzingo mara umbali, ukiongeza pai mara mraba wa umbali. Kwa kiwanja chetu ni 600, na 100 mara 3, na 3.1416 mara 9, jumla 928.27. Programu ikikupa tofauti kubwa na hapo, tafuta sababu.

Mchoraji wa Nzuguni

Mkuu, nirudi tena. Kibali cha kiwanja changu kingine kinataka mita 5 mbele, mita 2 pembeni na mita 3 nyuma. Amri ya ofseti inapokea umbali mmoja tu. Nimekuwa nikisogeza mita 2 kwanza kisha nasogeza tena ile niliyoipata. Ni sawa?

Mwanzisha uzi

Usisogeze ofseti ya ofseti, ndugu. Kila mara sogeza kutoka mstari asilia, ule uliopita kwenye bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), kwa sababu kila hatua inaongeza makadirio yake, na kingo fupi zinazopotea katika hatua ya kwanza hazirudi katika ya pili. Lichambue umbo liwe mistari iliyotengana, sogeza kila mstari kwa umbali wake, kisha uikate au uirefushe hadi ikutane. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye upande mfupi mbele, utapata mita 16 kwa 22, sawa na mita za mraba 352.

Kabla ya kuanza, safisha umbo. Hakikisha limefungwa kweli, kwa kuwa umbo ambalo kona yake ya mwisho imepishana na ya kwanza kwa milimita moja huonekana limefungwa, na halijafungwa. Ondoa nukta zilizorudiwa, ambazo ni nyingi katika data za GPS ya mkononi, maana ukingo wenye urefu wa sifuri hauna mwelekeo na programu haijui iusogeze upande gani.

Ukikuta bikoni ya kati kwenye upande ulionyooka, na kibali kinataka mita 2 kabla yake na mita 3 baada yake, ile mistari miwili iliyosogezwa ni sambamba na haitakutana hata uirefushe kiasi gani. Hapo chora ngazi ya mita 1, yenye pembe mraba na upande, ikianzia usawa wa bikoni, na uandike kipimo chake kwenye mchoro ili mkaguzi aione.